Tangi la Samaki Lililotufunulia Siri ya Kisima

Idd el-Fitr iliyopita watoto wetu waliletewa zawadi ya samaki wanne wa dhahabu, pamoja na tangi la kioo lenye ujazo wa lita 60. Furaha ilijaa sebuleni. Mwezi wa tatu haujamalizika, samaki mmoja alikufa. Tukanunua mwingine, naye hakumaliza siku tano. Tukarudi dukani tukamsemesha muuzaji kwa maneno makali, tukidai kuwa anatuuzia samaki wagonjwa. Yeye aliinamisha kichwa, akatupa mwingine bila malipo. Huyo naye alikufa.

Jambo lililotutatiza ni kwamba wale watatu wa awali walikuwa hai, ijapokuwa walizubaa karibu na sakafu ya tangi na mapezi yao yameshikana na mwili. Kioo nacho kilivaa ukoga wa kijani kila baada ya siku mbili. Nasi kila Ijumaa tulikuwa tukiyamwaga maji nusu na kuyajaza mengine ya kisimani, kwa juhudi isiyo na kasoro.

Ni jirani yetu, mwalimu wa kemia, aliyetuletea karatasi za kupimia maji. Alichovya moja tangini, na kijisehemu cha nitrati kikawa chekundu: miligramu 100 kwa lita. Samaki wa nyumbani hufaa kukaa chini ya 40, na chini ya 20 ni bora zaidi.

Alitueleza asili yake. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria waishio katika chujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Hii ya mwisho haiui haraka, lakini haina pa kwenda. Hujilimbikiza humo humo. Samaki aliyekuwemo huizoea kidogo kidogo huku akidhoofika, ama mgeni atokaye katika maji safi hupata mshituko na kufa. Basi muuzaji wa watu hakuwa na kosa lolote.

Tukauliza: mbona tunabadilisha maji kila wiki? Kabla mwalimu hajajibu, binti yetu wa miaka tisa alikwisha kuchovya karatasi nyingine katika ndoo ya maji ya kisima. Ilisoma 50.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukiyatoa maji nusu yenye 100 na kuweka yenye 50, unapata 75. Ukirudia, takriban 62. Ukirudia tena, 56. Hata ubadilishe mwaka mzima, hutashuka chini ya kile kilichomo kisimani.

Lakini wakati huo fikra zetu hazikuwa tena kwa samaki. Mdogo wao, mwenye miezi miwili, alikuwa akinywa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hicho hicho. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto wa namna hii hasa: nitrati hugeuka kuwa nitriti mwilini, ikazuia damu kubeba hewa, na mtoto akaanza kuwa na rangi ya samawati midomoni. Nasi tulijiona salama kwa sababu tulikuwa tukiyachemsha! Kuchemsha huua vijidudu. Nitrati hakuiondoi, bali maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki huzidi ukali. Siku hiyo hiyo tulinunua maji ya chupa na kumpeleka mtoto kituo cha afya. Alionekana mzima, alhamdulillahi.

Tangi tulilirekebisha taratibu, maana kubadilisha maji mengi kwa ghafla huwadhuru samaki waliokwisha kuzoea. Tulitoa robo tu kila baada ya siku mbili, kwa mpira uliofyonza uchafu wa chini ya changarawe, tukajaza maji ya mvua tuliyoyachanganya na ya kisima kidogo, kwa kuwa ya mvua peke yake hayana madini ya kutosha. Mwenye maji ya bomba ayaache wazi usiku kucha ili klorini itoke. Chakula tukakipunguza: kiasi kinacholiwa kwa dakika mbili, mara moja kwa siku. Chujio tunalisuuza katika maji yaliyotolewa tangini, tusije tukawaua wale bakteria. Tumetumbukiza pia mizizi ya mmea utambaao wa sebuleni, majani yakiwa nje. Nao hula nitrati kwa uroho wa ajabu. Samaki tumebaki na watatu, na kwa lita 60 hata hao ni wengi.

Baada ya wiki tano karatasi ilisoma 25. Tulirudi kwa muuzaji kumtaka radhi. Alicheka, akawapa watoto kopo la chakula cha samaki, ambalo mama yao amelificha.

Ama kisima kinatumiwa na nyumba saba, na vyoo vya shimo vimekizunguka pande tatu. Mwenyewe hakufurahia habari tuliyompelekea. Msikiti wetu nao una kisima chake hatua chache kutoka hapo, na baadhi ya waumini huyanywa maji yake baada ya sala. Tumelifikisha suala hili kwenye kamati, na chupa mbili za maji, moja ya kila kisima, zimepelekwa maabara. Majibu bado tunayangoja.