Neno "Interest" Katika Sheria za Ardhi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yamtatizayo mfasiri ni "interest". Katika mazungumzo ya kawaida huwa ni hamu; katika benki ni riba. Lakini utata wake hudhihirika zaidi katika sheria za ardhi za mwaka 1999.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Marui, wilayani Kisarawe, mwenye mikorosho yake katika ardhi ya kijiji. Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, humruhusu Rais kuihaulisha ardhi hiyo kwa ajili ya "public interest". Hapa maana ni maslahi ya umma. Pili, mkulima mwenyewe ana "interest" katika shamba lake. Haya nayo ni maslahi, yaani jambo analoweza kulidai kisheria. Tatu, fidia yake ikicheleweshwa, Sheria ya Ardhi, Na. 4, yataka ilipwe pamoja na "interest". Hii ni riba.

Mfasiri akiandika kwamba mkulima "ana hamu na shamba", amemnyang'anya dai lake kwa kalamu, kwani hamu hailipwi fidia. Akiandika "faida" mahali pa riba, mlipwaji hatajua kwamba ucheleweshaji una gharama yake.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri imekuwa nzito. Basi mfasiri asitafute neno moja la kujibu yote. Ajiulize kwanza: nani anadai, anadai nini, na kwa nani?