Football Manager: Ekipe ikifungwa sana, turekebishe ulinzi namna gani?

Ndugu wasomi, wengi kati yetu tunacheza Football Manager usiku, wakati umeme uko. Swali ambalo nasikia kila mara ni hili: "Ekipe yangu inaongoza 1-0, halafu dakika ya 80 inafungwa. Nifanye nini?" Wengi wanakimbilia kuvuta mabeki wote nyuma. Mimi nasema: kwanza tujue bao linatokea wapi.

Ulinzi katika huu muchezo unasimama juu ya vitu vitatu: mustari wa mabeki, mahali ambapo ekipe inaanza kukaba, na nguvu ya kukaba. Ukigusa kimoja, angalia na vingine. Ukipandisha mabeki karibu na katikati lakini mbele hawakabi, adui anapata wakati wa kuinua kichwa na kutuma pasi nyuma yao. Ukiteremusha mabeki peke yao, washambuliaji wakabaki juu, katikati panabaki shimo. Kiungo wa adui anacheza humo kama yuko kwao.

Mufano wa kweli: tarehe 26/10/2024, Barcelona ya Hansi Flick ilipandisha mustari juu sana pale Madrid. Real Madrid wakakamatwa kuotea mara 12, Barcelona ikashinda 4-0. Lakini wale mabeki walikuwa wanapanda pamoja. Beki mumoja akichelewa, mutego umevunjika.

Basi mimi natazama tena mabao ya mwisho tuliyofungwa.

Kama yanatoka kwa pasi ndefu, nateremusha mustari kidogo, pamoja na mahali pa kuanza kukaba. Kama mabeki wangu wako na mbio, naacha mustari juu, naongeza nguvu ya kukaba.

Kama yanatoka kwa krosi, kurudi nyuma peke yake hakusaidii, ju adui atapata nafasi ya kupiga krosi zaidi. Naangalia kama mabeki wa kati wanajua mipira ya kichwa, na naomba winga arudi kumusaidia beki wa pembeni.

Kama yanaingia dakika za mwisho tu, naangalia uchovu. Kukaba kwa nguvu kunamaliza pumzi. Nabadilisha wachezaji dakika ya 60 ao 65, mbele ya kugusa mufumo.

Na jambo kubwa: badilisha kitu kimoja, halafu tazama mechi tatu ao ine. Ukibadilisha vitano mara moja, hata ukishinda hautajua kilichokusaidia ni nini. Hii ni kazi ileile tuliyofundishwa ya kutafuta sababu mbele ya kutoa dawa. Viongozi wa klabu ndani ya muchezo hawaulizi diploma. Matokeo yakikosa, wanakufukuza.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue ufa uko wapi. Na wewe, ekipe yako inafungwa kwa njia gani? Tuambiane.