Tusipande miti tu, tupande na vichaka

Neno 'kichaka' limekosa bahati katika lugha yetu. Mwizi hujificha kichakani, nyoka hutoka kichakani, na shamba lililomshinda mwenyewe husemwa kuwa limegeuka kichaka. Huenda hii ndiyo sababu, kila tunapohimizwa kupanda miti, hakuna anayekikumbuka.

Mwishoni mwa mwaka wa 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa siku ya mapumziko ili kila mwananchi ashike jembe. Jambo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, mti mrefu wenye shina tupu haumfichi paa.

Mchukue paa nunga, mnyama mdogo asiyezidi kilo 12 hivi, ambaye makao yake ni misitu ya pwani yetu, kama vile Arabuko-Sokoke, Boni na Dodori, pamoja na Zanzibar. Chakula chake ni majani, maua na matunda yanayoanguka chini, mengine yakidondoshwa na kima na ndege. Hana nguvu wala pembe za kutisha. Silaha yake ni kichaka: akishtuka, huzama humo akanyamaza. Dikidiki na pongo nao ni vivyo hivyo. Tukifyeka vichaka kwa kuni, makaa na mashamba, mnyama huyu hana pa kukimbilia, hata kama juu yake pana kivuli kizuri.

Basi tupande nini? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kwa ajili ya maua yake, husonga mimea mingine na majani yake ni sumu kwa mifugo. Mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi, ni dawa yenye sifa, lakini ndege hueneza mbegu zake na umekwisha kuvamia baadhi ya vichaka vya pwani. Ilhali mkone, mkunazi, mswaki, mfudu na mbungo ni wenyeji wa ardhi hii. Hustahimili kiangazi, na matunda yake huliwa na wanyama, ndege na watoto wetu pia.

Kupanda kwenyewe hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Mbegu na zikusanywe katika msitu ulio jirani, maana mimea ya hapo imekwisha kuizoea mvua na udongo wa hapo. Kokwa ya kunazi ni ngumu. Ipasuliwe kwa uangalifu ili mbegu iote upesi. Miche ipandwe masika yanapoanza, tena si kwa safu kama mahindi, bali kwa mafungu, jamii mbalimbali zikichanganywa: yenye miiba pembeni, yenye matunda ndani. Majani makavu yasifagiliwe, na mbuzi wazuiwe hadi mimea ishike. Aidha, mafungu hayo yaunganishwe kwa ukanda wa vichaka mipakani mwa mashamba, ili paa apate njia ya kupita bila kuonekana.

Kuna atakayeuliza mwanaisimu anatafuta nini vichakani. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu waliozaliwa pwani waniandikie majina ya vichaka kumi vya kwao. Wengi walikwama kwenye kile cha tatu. Mmoja aliyefikisha kumi alikuwa amelelewa na nyanyake kando ya kaya. Makaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka wa 2008, yamehifadhi msitu kwa sababu wazee waliyaheshimu hata yale ambayo hayakuwa mbao. Waliohifadhi mmea ndio waliohifadhi na jina lake. Kichaka kinapofyekwa, jina hubaki yatima kwa kizazi kimoja, kisha nalo hufa. Na paa nunga akifuata, naye atabaki kuwa neno la kamusi.

Kwa hivyo, mvua ijayo, kwa kila miche mitano utakayopanda, mmoja na uwe wa kichaka cha kwenu. Kabla hujaufukia, muulize mzee jina lake, kisha umwambie mtoto.