RAM ya kompyuta ya mtoto: Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Mtoto amepata chuo na anahitaji kompyuta. Fedha ya kununua mpya haipo, hivyo mzazi wa Mbagala, Tandika au Bunju ananunua kompyuta mpakato iliyotumika. Baada ya miezi michache malalamiko yanaanza: kurasa chache za intaneti zikifunguliwa pamoja na Word, mashine inaganda. Fundi wa mtaani anasema "ongeza RAM", na mzazi anapanda daladala kwenda Kariakoo.

Hapo ndipo fedha inapoweza kupotea. RAM hazifanani, na isiyolingana na mashine haiingii, au ikiingia kompyuta haiwaki.

RAM ni kama meza ya jikoni, ambapo vitu vinavyotumika sasa hivi huwekwa. Diski ni stoo. Kompyuta yenye diski ya GB 500 inaweza kuwa na RAM ya GB 4 tu, na kufuta picha na filamu hakuongezi ukubwa wa meza.

Hatua ya kwanza haina gharama. Mtoto afungue kazi zake za kawaida, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likifunguka, aende Performance, kisha Memory. Matumizi yakikaribia asilimia 90, RAM haitoshi. Yakiwa nusu tu, huenda tatizo ni diski ya zamani, na kuweka SSD kutasaidia zaidi.

RAM ikiwa ndiyo tatizo, kuna mambo manne ya kujua kabla ya kutoka nyumbani.

Kizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwa sababu pengo la kila moja liko sehemu tofauti. Kulazimisha ni kuvunja. Kwenye DDR3 kuna mtego mwingine: kompyuta nyingi za kuanzia mwaka 2013 hutaka DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Lebo yake huandikwa PC3L. Herufi hiyo moja isipuuzwe.

Umbo. RAM ya kompyuta mpakato huitwa SODIMM na ina urefu wa karibu sentimita 7. Ya kompyuta ya mezani ni ndefu karibu mara mbili na haiwezi kuingia.

Nafasi. Dirisha lile lile huonyesha "Slots used", yaani nafasi zilizotumika. Ikiandikwa 1 of 2, kuna nafasi moja wazi. Kompyuta nyembamba nyingi, ikiwemo MacBook Air, zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, hivyo haiongezwi kwa kuchomeka nyingine.

Kikomo. Kila modeli ina kiwango cha juu inachokubali, na hupatikana kwa kutafuta jina kamili la modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Windows ya biti 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya GB 4, hata ikiwekwa GB 8.

Kasi haina ugumu mkubwa. RAM ya 3200 ikiwekwa pamoja na ya 2400, kwa kawaida zote hufanya kazi kwa kasi ya ile ndogo. Anayelipia kasi ambayo mashine yake haiwezi kuitumia anatupa fedha.

Njia rahisi kwa mzazi asiyejua kompyuta ni kumwomba fundi afungue mfuniko, kisha aipige picha lebo ya RAM iliyomo kwa simu. Picha hiyo, pamoja na ya jina la modeli chini ya kompyuta, inamtosha muuzaji mkweli kutoa kinachofaa.

Ni vizuri zaidi kwenda na kompyuta yenyewe. RAM ichomekwe pale pale dukani, mashine ikiwa imezimwa na chaja imetolewa. Iwashwe, dirisha la Memory lionyeshe GB zilizoongezeka, ndipo mzazi alipe na kudai risiti yenye tarehe ya mwisho ya kubadilishiwa.