Nyumba Zilizokosa Dari

Kuyasa ni mtaa wa Khayelitsha, pembezoni mwa Cape Town. Serikali ya Afrika Kusini ilijenga huko nyumba ndogo na kuwapa maskini, katika mpango wa makazi ulioanza baada ya uchaguzi wa 1994. Ruzuku ilikuwa finyu na waliosubiri walikuwa wengi, basi vitu vikapunguzwa. Kimojawapo ni dari.

Kwenye ramani hasara hiyo haionekani. Ingia ndani mwezi wa Julai, mvua za baridi zinaponyesha. Jiko la mafuta ya taa linawaka, la kupikia ndilo hilo hilo la kuota. Mafuta ya taa yakiungua hutoa mvuke. Mvuke unapanda, unakutana na paa lenye baridi, unageuka matone yanayodondokea mablanketi. Kuta zinaota kuvu, watoto wanakohoa, na hapo ni mahali palipoelemewa na kifua kikuu. Gharama aliyoikwepa mjenzi inalipwa na anayelala humo.

Mwaka 2005 ulisajiliwa mradi wa kuzirekebisha nyumba hizo chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, ili kiasi cha hewa ukaa kitakachopunguzwa kiuzwe. Kila nyumba ingepata dari yenye tabaka la kuhifadhi joto, taa zisizokula umeme mwingi, na tangi la kuchemsha maji kwa jua. Hapo pakazuka mtihani: watu hawa walitumia nishati kidogo kwa sababu ya ufukara, sasa mradi utahesabu umeokoa nini? Ikakubaliwa kuhesabu nishati ambayo wangeitumia kama wangekuwa na uwezo. Naamini huo ulikuwa uamuzi wa haki. Bila hivyo, fedha za tabianchi zingewafuata waliochafua sana tu.

Usajili haukuleta fedha. Mauzo ya hewa ukaa hayakutosha kugharimia kazi, ikabidi serikali itoe fungu lake, na kazi kubwa ikaanza 2008. Wakazi wenyewe walifunzwa ufundi, na nyumba zaidi ya 2,300 zikafikiwa.

Kisha nchi nzima ikataka matangi hayo ya jua. Mwaka 2009 lilitangazwa lengo la matangi milioni moja kufikia 2014, na halikufikiwa. Mirija ya kioo hupasuka, vali huvuja, na tangi lililofungwa bila fundi wa kulihudumia hubaki pambo juu ya paa. Makumi ya maelfu mengine yalihifadhiwa ghalani kwa miaka bila kufungwa popote. Dari haina vali wala mrija. Ikishapigiliwa, inafanya kazi usiku na mchana bila kumdai mwenye nyumba chochote.

Mwaka 2014 kiwango cha nyumba za ruzuku kilibadilishwa, dari yenye tabaka la kuhifadhi joto ikawa sehemu ya nyumba tangu mwanzo. Ila nyumba nyingi zilikuwa zimeshakabidhiwa, na kuiongeza dari ndani ya nyumba yenye watu na vyombo ni kuitafutia bajeti upya, wakati majira ya baridi hayasubiri.