Majina ya Watu na Muundo wa Kanzidata: Mfano wa Matayos

Neno kanzidata limeundwa kwa kuunganisha kanzi, yaani hazina, na data. Hazina hiyo mara nyingi huanzia katika daftari. Mwenye duka wa Matayos, katika Kaunti ya Busia, huandika jina la mdaiwa, namba yake ya simu na kiasi cha deni. Akitaka kulihamishia daftari hilo katika kompyuta, hukabiliwa na matatizo mawili.

Kwanza, jina peke yake halimtambulishi mtu. Miongoni mwa Waluhya, mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua aghalabu huitwa Wafula, na msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, Nekesa. Kwa hiyo akina Wafula ni wengi; naye Nekesa huyohuyo aweza kujulikana sokoni kama Mama Wafula. Pili, mpaka wa Uganda u karibu, na mteja mmoja aweza kuwa na namba ya simu inayoanza na 254 na nyingine ya 256.

Mwaka 1970 E. F. Codd alieleza jinsi data inavyoweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana. Kwa kanuni hiyo, kila mteja hupewa ufunguo, yaani namba yake ya pekee. Majina yake yote huwekwa katika jedwali moja, simu katika jingine, na madeni katika la tatu.

Mtengenezaji programu asiyezingatia desturi hizi huenda akasababisha Wafula mmoja adaiwe deni la mwingine. Hapa elimu ya majina hulinda haki.