Je, Wajua? Sumaku Huua, Sumaku Hufufua

Je, wajua kwamba zipo metali ambazo zikipozwa vya kutosha, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata chembe? Tarehe 8 Aprili 1911, katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, zebaki ilipozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi joto 269 chini ya sifuri. Ghafla ukinzani wake ukatoweka. Kitu chenye tabia hiyo huitwa superkondakta.

Onnes alitamani kusuka nyaya za superkondakta ziwe sumaku kali kuliko zote. Akakwama: mkondo ulipozidi, usumaku uliotokana nao uliiua hali ile ile iliyoubeba.

Mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua mjini Berlin kwamba superkondakta nayo huufukuza usumaku utoke mwilini mwake. Ndiyo maana kisumaku kidogo kikiwekwa juu yake huelea hewani, bila uzi wala mkono wa mtu.

Uhasama huo una sababu. Ndani ya superkondakta elektroni husafiri mbilimbili, kama walivyoeleza Bardeen, Cooper na Schrieffer mwaka 1957. Kila elektroni ni kisumaku, na katika jozi ya kawaida mmoja huelekea juu, mwenziwe chini. Sumaku kali huzilazimisha zote zielekee upande mmoja. Hapo ndoa huvunjika.

Sasa sikia ajabu yenyewe. Mwaka 2001 ilibainika kwamba mchanganyiko wa urani, rodiamu na jemaniamu, ambao wenyewe tayari ni sumaku, huwa superkondakta ukipozwa hadi chini ya nusu ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, wakauweka ndani ya sumaku nyingine na kuzidisha nguvu polepole. Kufika tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hali ya superkondakta ikafa, kama ilivyotarajiwa. Hawakuacha. Walipofika tesla 8 ikafufuka, ikadumu hadi karibu tesla 13! Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2005. Mashine nyingi za MRI hospitalini hutumia tesla 1.5 tu.

Imewezekanaje? Karibu na tesla 12, visumaku vya urani hugeuka kutoka mwelekeo mmoja wa fuwele kwenda mwingine. Wanafizikia wengi wanaona kuwa kuyumbayumba kwao wakati wa kugeuka ndiko kunakoziunganisha elektroni, tena elektroni za kila jozi huelekea upande mmoja, hivyo sumaku haina cha kuvunja. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri zaidi katika fizikia ya karne hii.

Na urani ikichanganywa na teluriamu, mambo huzidi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba fuwele yake, ikiinamishwa kwa pembe maalumu, hurudia kuwa superkondakta kuanzia takriban tesla 40 na kuendelea hivyo hata kupita tesla 65.